Waliozaliwa Kabla ya Kiza

Kibondo, Oktoba 2015

Mwanangu Felista,

Umekwenda kumuaga mama yako mdogo, na ninavyomjua hatakuachia kabla hujala mara mbili. Kwa hiyo nimepata mchana huu mzima na kalamu. Mama yako yuko uani anakaanga karanga za safari, na kila mara anachungulia dirishani kuona kama naandika au nimesinzia. Habari za sanduku, nauli na mahali pa kuficha simu ndani ya treni amekwisha kukuambia yeye, tena kwa kurudiarudia. Mimi sitazigusa. Ukiona mwandiko unayumba usidhani nilikuwa nalia. Ni huu moyo na dawa zake.

Unakwenda Tabora kusomea utunzaji wa kumbukumbu. Juzi jirani yetu wa mashine ya kusaga aliniuliza, "Mwalimu, ni kweli mtoto anakwenda chuo kujifunza kupanga mafaili?" Nikamwambia ni kweli, na anafurahi mno. Akanipa pole. Nilicheka hadi kifua kikauma, lakini alipoondoka nilibaki nikifikiri kwamba yeye hajui unakokwenda, na mimi ninayejua ndiye niliyekuzibia njia.

Nakumbuka ilipoanzia. Ulikwenda Kasulu kumsindikiza rafiki yako kwenye semina ya kuandika historia za familia, katika ukumbi wa parokia, na mkufunzi alikuwa mama mmoja kutoka Dodoma. Uliporudi hukuvua hata viatu. Ulisimama hapa mlangoni ukasema, "Baba, kumbe kitu hiki kinafundishwa." Ukanieleza kwamba mtu huanza na nafsi yake, kisha wazazi, kisha anarudi nyuma kizazi baada ya kizazi bila kuruka. Kwamba kila jambo unaloandika uandike pia nani alilisema. Kwamba vitabu vya zamani vya misheni vinaweza kusomwa ukiomba kwa adabu, na kwamba huko kwenye mtandao kuna masomo ya bure ya kazi hii, yanayofundishwa na watu waliozeeka wakitafuta mababu zao. Tangu siku hiyo vocha zako zote ziliishia huko. Ulikuwa unakaa pale kwenye ngazi ambako simu inashika, video inakwama, unaisubiri, inakwama tena.

Miaka yangu yote ya ualimu sikupata mwanafunzi mwenye kiu kama ile. Nilikutazama nikafurahi, na nikaogopa, kwa sababu ulikuwa unaanza na wazazi.

Uliweka simu mezani ikinirekodi, ukakaa kama hakimu.

"Jina lako kamili, mzee."

"Unalijua."

"Lazima ulitaje mwenyewe. Ndiyo utaratibu."

"Kiza Bitariho."

"Ulizaliwa wapi?"

"Gwarama."

Hapo tu, mwanangu. Mama yako alikuwa anapita na beseni la nguo, akasimama kidogo, kisha akaendelea na safari yake.

Karatasi uliyopewa kwenye semina ilikuwa na kisanduku cha jina la ukoo. Ukaandika Bitariho, kisha ukaanza kuwasaka akina Bitariho popote walipo. Ulimpata mzee mmoja Gwarama, mjane mmoja Kagerankanda, na kijana wa Mwanza uliyekutana naye mtandaoni, ambaye alianza kukuita dada siku hiyohiyo. Ukaunganisha karatasi kwa gundi, ukazibandika ukutani hapa sebuleni, mistari ikapanda na kushuka. Mama yako alisimama mbele ya ukuta na kikombe mkononi.

"Hawa wote ni akina nani?"

"Ukoo wa baba."

"Umejuaje?"

"Wote ni akina Bitariho, mama."

"Kumbe. Basi Juma wa samaki na Juma wa stendi nao ni ndugu. Nenda kawaambie waache kugombana."

Alicheka mpaka akaketi. Halafu yeye, siyo mimi, ndiye aliyekueleza jambo ambalo mtoto aliyekulia kwenye nyumba za walimu hakuwa na namna ya kulijua. Kwamba kwetu kila mtoto huja na jina lake mwenyewe. Watu waliotoka tumbo moja hawashiriki jina hata moja, wala hawalichukui la baba yao. Jina linasema siku uliyozaliwa nyumba ilikuwa katika hali gani, au umefuata nani. Hili la pili, la baba, ni mambo ya shule. Mwalimu aliuliza huyu mtoto wa nani, akajibiwa, akaandika. Ukimfuata Bitariho kwa jina, utawakusanya watu wasiojuana, na ndugu zake wa damu utawapita njiani.

Ulinigeukia. "Baba, wewe ulikuwa unaona. Mbona hukunisahihisha?"

Nikasema nilitaka ugundue mwenyewe, kama mwalimu mzuri. Ulinishukuru. Mwanangu, sikuwa mwalimu mzuri siku hiyo. Kosa lako lilikuwa linanificha kuliko uongo wangu mwenyewe ulivyonificha, nami nilikuwa nimekaa nyuma yake nimetulia.

Ulizibandua zile karatasi bila kinyongo. Nilidhani umechoka. Kumbe mama yako alikuwa amekufungulia mlango mwingine, maana haikupita hata wiki ukanifuata nje nilikokuwa naota jua, ukachuchumaa mbele yangu.

"Baba, wewe ni Kiza."

"Naam."

"Kiza ni mtoto anayefuata pacha. Pacha wa kwanza anaitwa Bukuru, wa pili Butoyi. Sasa Bukuru wako na Butoyi wako wako wapi?"

Hakuna kitabu kilichokuambia hilo, wala mkufunzi wa Dodoma asingeweza. Ulilisoma kwenye jina langu, ambalo nimelibeba mbele ya watu siku zote kama shati. Ni kitu pekee nilichokuja nacho na sikukibadilisha, kwa sababu akina Kiza wako huku na wako kule.

Nikakujibu, "Walikufa wachanga."

Ukasema, "Pole, baba," ukaniwekea mkono begani, ukaenda kuandika. Ile pole yako ndiyo imenikalisha kwenye meza hii leo.

Hawakufa wachanga. Nilizaliwa ng'ambo ya Malagarasi, Burundi, kwenye vilima ambavyo siku isiyo na ukungu unaviona ukiwa Mabamba. Bukuru alikuwa kaka yangu. Alikuwa anasomea ualimu, na njia nzima ya kwenda shule alikuwa anabeba viatu mkononi, anavaa akifika getini, ili visizeeke. Nilipoajiriwa nami nikafanya hivyo mwaka mzima, na wenzangu walidhani ni ubahili. Butoyi alikuwa dada yangu. Mdogo wa umbo, mkubwa wa amri. Ndiye aliyenifundisha kusoma, kwa kunichapa na ufagio, na mpaka leo nikisoma kwa sauti nasikia mahali alipokuwa ananikatisha.

Ukiwasikia wazee wa huku wakisema "mwaka ule," ni mwaka wa sabini na mbili, wa mauaji ya kule Burundi. Sitakuandikia yote. Askari walikuja nyumbani wakamchukua baba yangu akiwa anakula. Bukuru alikuwa shuleni, na habari zilizofika zilikuwa kwamba wanafunzi wakubwa nao wamepakiwa kwenye magari. Mama alimsubiri kwa muda ambao hakupaswa kusubiri. Mimi nilikuwa na kama miaka kumi na sita, kimo cha mtu mzima, na kimo kile ndicho walichokuwa wanakitafuta. Tulipofika mtoni asubuhi tulikuta watu wanavusha ng'ombe. Mama akaniambia nivuke na watu wale, yeye na Butoyi wanarudi kumwangalia Bukuru, kisha watanifuata. Nilikuwa mwoga wa maji, Felista. Tangu utotoni sikuthubutu kuingia hata kwenye kijito. Walinishikisha mkia wa ng'ombe, nikafumba macho mpaka nikahisi mchanga. Nilipofumbua, ng'ambo nilikotoka hapakuwa na mtu.

Nilikaa kwenye ukingo ule. Bitariho alikuwa mtu wa Gwarama, amekuja kumtazama ng'ombe wake aliyemwekesha kwa rafiki karibu na mto. Alinikuta, akanipa viazi baridi, akasema, "Ukimaliza, twende." Hakuniuliza kitu mpaka tumefika kwake, na hata hapo aliuliza jina tu. Siku chache baadaye balozi wa nyumba kumi alikuja.

"Bitariho, kijana huyu wa nani?"

"Wa dada yangu."

"Dada yako yupi?"

"Yule usiyemjua."

Balozi aliniangalia kichwa mpaka miguu. "Basi mwambie huyu mtoto wa dada aongee polepole," akasema, "maana ulimi wake una haraka ya kurudi kwao." Wakacheka wote wawili, wakahamia kwenye habari za mtama. Ndivyo nilivyopata nchi, mwanangu. Kwa kicheko cha watu wawili.

Bitariho ndiye aliyenipeleka shule. Tulipunguza umri ili nipokelewe, kwa hiyo ule mwaka wa kuzaliwa ulionao kwenye maandishi yako nao ufute. Mimi ni mzee kuliko vyeti vyangu. Mwalimu alipouliza jina la baba, yule mzee alijibu kabla sijafungua mdomo. Alinipa jina ambalo kwa desturi yetu halirithiwi na mtu, kwa sababu hakuwa na lingine la kunipa. Umekwenda Gwarama ukapalilia kaburi lake, ukapiga picha, ukaandika chini yake "babu." Tafadhali usilifute neno hilo. Kama karatasi ya semina haina kisanduku cha mtu wa namna yake, chora.

Nilipokwenda kuposa kwao mama yako, baba yake aliwasikiliza washenga wangu hadi mwisho, kisha akauliza swali moja. "Shangazi wa kijana huyu yuko wapi?" Washenga wakasema amefariki. "Na mwingine?" Naye amefariki. Babu yako akasema, "Nimewahi kuona mtu hana baba, nimewahi kuona hana mama. Mtu asiye na shangazi hata wa kukopa, huyu ametokea wapi?" Mama yako, aliyekuwa anasikiliza jikoni, alinieleza baadaye kwamba hapo ndipo alipojua. Hakuniuliza. Alisubiri mpaka wewe ulipozaliwa, akakuweka mapajani mwangu akasema, "Sasa huyu atataka kujua. Anza kujiandaa." Nimekuwa nikijiandaa tangu hapo.

Unaweza kuniuliza nilikuwa naogopa nini, nami nimejiuliza. Mwanzoni niliogopa kurudishwa. Nilipoanza kazi niliogopa kuipoteza, mtu aliyeingia shule kwa jina la kuazima na umri wa kupunguza. Nilifundisha jiografia, na wanafunzi walikuwa wanashangaa namna ninavyouchora Malagarasi ubaoni bila kuangalia ramani, na kona yake moja huko juu nilikuwa siikosei kamwe. Walinipigia makofi. Kisha ulipokuja msako wa wahamiaji, watu tuliozoeana nao sokoni wakaamriwa kurudi kwao, kwao ambako hawakuwahi kukuona, niliogopa kwa ajili yako. Nilijiambia kwamba mtoto asiyejua hawezi kuulizwa. Hilo nililiita kukulinda. Ukweli ni kwamba kwa wakati ule nilikuwa nimezoea, na mazoea yana nguvu kuliko woga.

Lakini wewe ulikuwa unatafuta, na hiyo ndiyo sehemu ninayoona aibu kuiandika. Nilikuwa najua mahali pa kukupeleka na sikukupeleka. Ulihangaika na vitabu vya parokia, na nilikuacha uhangaike, ingawa nilijua kitabu cha ndoa kinasema nilizaliwa Gwarama kwa sababu padri aliandika alichoambiwa, na aliyemwambia ni mimi. Niliona unavyoliheshimu lile andiko, umelinakili kwa mwandiko wako mzuri, nikanyamaza. Sikukuambia kwamba mashauri ya mashamba katika mabaraza yetu yamejaa koo za watu, maana mtu akitaka kuthibitisha kwamba shamba ni lake hutaja baba, na baba wa baba, na mbele yake yuko mpinzani anayemkatiza kila anapokosea. Hakuna semina itakayokupa mashahidi wakali kuliko hao. Sikukuambia kuhusu wanawake wazee wa soko la Mabamba, wanaojua nani alivuka na nani, na alifikia kwa nani. Wala wakunga. Mkunga mzee hatakumbuka mwaka, lakini muulize nani alimfuata nani tumboni, utaona anavyowapanga kwa vidole bila kusita. Na kuna mahame ng'ambo, pale nyumba yetu ilipokuwa, na kama watu hawajaikata, kuna miti ya mivumu iliyopandwa kuwa ua. Miti ile hukaa baada ya nyumba kwisha. Hivi vyote vilikuwa darasa lako, na mimi nilikuwa nimekaa na ufunguo mfukoni.

Huko Tabora utashika karatasi nyingi zilizoandikwa uongo. Usiwachukie waliozisema. Tafuta walikuwa wanaogopa nini siku ile, na utakuwa umepata habari ya kweli kuliko ile iliyoandikwa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Unamfahamu Hamisi wa Kasulu, mwenye duka la vitenge, mwanafunzi wangu wa zamani. Tangu watu wa Burundi walipoanza kuvuka tena mwaka huu, amekuwa anapeleka bidhaa kwenye soko la kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Kabla ya Idi alipita hapa kunijulia hali. Wewe ulikuwa umekwenda kanisani na mama yako.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umenenepa, biashara inakwenda."

"Inakwenda kidogo. Mwalimu, kule kambini kuna bibi mmoja anatafuta mtu."

"Kule wote wanatafuta mtu, Hamisi."

"Huyu anatafuta Kiza. Nikamwambia, bibi, akina Kiza ni wengi, kila nyumba yenye pacha ina Kiza wake. Akasema yeye mwenyewe ni Butoyi, na Kiza wake alivuka huku zamani, mwaka ule. Kisha akasema, sijui hata kama alivuka. Alikuwa mwoga wa maji."

Hamisi alikuwa ananitazama. Sijui alijua au alikuwa anabahatisha. Ni mfanyabiashara, uso wake hausomeki. Miaka arobaini na zaidi dada yangu amekuwa ananiona kichwani mwake nikizama. Ningesema neno moja tu.

Nikasema, "Simjui."

"Haya, mwalimu," akasema Hamisi. "Mimi nimefikisha." Akanywa maji, akaniombea afya, akaenda zake.

Yale ya ujana nayaelewa. Nilikuwa mtoto, nilikuwa nakimbia, na watu wema walinifundisha kusema uongo ili niishi. Nikikutana na wazazi wangu nitayaeleza yale nao watayasikia. Lakini huyu aliyesema "simjui" alikuwa mzee, ameshiba, amekaa kwenye kiti chake, hakuna aliyemshikia panga. Huyo sina la kumtetea.

Nilikaa nalo kwa wiki kadhaa kabla ya kumwambia mama yako. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. "Yule mama amevuka mto na uzee wake," akasema, "na wewe umeshindwa kuvuka sebule." Nikamwambia daktari amenikataza safari. Akasema, "Nani kakuambia usafiri? Una mtoto anayepita palepale." Na alipoona bado nasitasita, akaongeza kwamba nikifa na jambo hili atakuambia mwenyewe, na nisimlaumu huko nitakakokuwa akitia chumvi.

Basi la kesho linapita Makere kabla ya kufika Kasulu. Treni yako Kigoma ni keshokutwa. Mama yako amekwisha kumpigia Hamisi simu bila kuniomba ruhusa, na Hamisi amesema kesho ni siku ya soko kule kambini, atakungoja kituoni Makere akupeleke, na yule bibi atakuwa amekaa kwenye meza ya vitenge ya Hamisi. Ametuma salamu kwamba mama huyo hajaambiwa kitu bado, asije akangoja bure.

Sikuamuru ushuke. Nimekuamulia mambo mengi kwa kunyamaza, hili liamue wewe mwenyewe. Pengine kushuka kutakuletea maswali ya watu wa uhamiaji siku moja, ingawa mama yako ni wa hapahapa na wewe umezaliwa hospitali ya hapa Kibondo. Pengine utaona bora umalize chuo kwanza. Ukipita Makere ukiwa umekaa kwenye kiti chako, wewe ni mwanangu vilevile, na sitakuuliza. Lakini ukishuka, nakuomba simu ibaki ndani ya mkoba. Usimrekodi. Usimuulize tarehe. Huyo siyo chanzo cha habari, huyo ni shangazi yako, yule aliyekosekana siku nilipoposa na ambaye wewe ulikuwa unaniuliza ulipovunja ungo, na mimi nikakuelekeza kwa jirani. Kaa kwenye kitenge chake. Mwambie yule mwoga wa maji alivuka, akawa mwalimu kama Bukuru alivyotaka kuwa, na kwamba bado anasoma kwa sauti. Mengine atayauliza yeye, na ukimuona tu utajua kwamba hana mazoea ya kuulizwa.

Nilikuwa nimepanga mama yako akutilie barua hii kwenye mkoba, uisome ukiwa njiani. Nimeisoma sasa hivi kuanzia juu, nikaona nimeandika kama mtu aliyekwisha kufa. Nimekupa majibu ambayo hukuuliza, na ungeyasoma ukiwa peke yako dirishani, ukiwa na maswali ambayo mwenye majibu yake amebaki nyuma kwenye kiti. Sitafanya hivyo. Bado nipo, na akili yangu iko sawa, na jioni haijafika. Ukirudi kutoka kwa mama yako mdogo nitakupa karatasi hizi mkononi, nami nitakaa hapahapa unapozisoma. Kasirika ukitaka. Nyamaza ukitaka. Ukimaliza, uliza.

Nadhani nalijua swali la kwanza, kwa sababu wewe huwa huachi mtu bila jina. Kila mahali humu nimemwita mama tu, yule aliyerudi kumwangalia Bukuru. Jina lake sijalitamka tangu aliponiachia mkono, hata kwa mama yako, hata kwenye sala. Sikulisahau. Na sitaliandika hapa, kwa sababu nataka litoke mdomoni mwangu kwanza, na awepo wa damu yake wa kulisikia. Vuta kigoda ukae karibu. Sauti yangu siku hizi haifiki mbali.

Baba yako,
Kiza